Karate, judo, aikido au tai chi: upi umfae dereva wa Malindi anayepandwa na mori?

Ulinganisho huu wa sanaa nne za kupambana haumlengi mtu anayetaka kujua kupigana. Unamlenga dereva aliyekamilika: leseni anayo, gari lake zima, mwendo wake wa wastani, ila akichomekewa na tuktuk pale Barabara ya Lamu damu inamchemka na mkono unafika kwenye honi kabla ya akili. Mchana wa Malindi una joto lake, sikatai. Lakini si joto linalomfanya mtu mzima ashushe kioo amtusi kijana wa watu mbele ya mkewe na watoto.

Kwa nini tukaulize wacheza karate na judo badala ya walimu wa udereva? Kwa sababu shule ya udereva inakufundisha alama, gia na kuegesha, kisha inakuacha na roho yako. Wanaojifunza kupambana wanashughulika miaka na swali moja: mtu anakujia kwa nguvu, una chini ya sekunde moja, ufanyeje ili usiumie wala usifanye la kujutia? Dereva analo swali hilohilo kila siku, tena akiwa amekalia chuma cha tani nzima.

Wala si jambo geni kwetu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu kwa mieleka, bali yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Akaelekeza pia kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na hasira isipomtoka na alale. Sasa dereva ameshakaa, na kulala hawezi. Amebakiwa na mikono, macho, pumzi na nafasi iliyoko kati yake na gari la mbele. Kwa hivyo vinne ndivyo ninavyozipima sanaa hizi, na nitazipeleka palepale dereva anapokasirikia badala ya kuzisifu moja moja. Nitangulize pia kusema kwamba mimi ni mtu wa judo. Ukiona nimeipendelea, punguza mwenyewe.

Mjini: karate na judo mbele ya tuktuk

Tazama tuktuk inavyotoka upande wa Ngala kuingia barabara kubwa. Dereva hatazami kioo. Anatoa mkono wa kulia nje, kiganja kimefunguka, vidole vinapepea kuelekea chini kama anayemtuliza mbuzi, na tairi la mbele limeshaingia njia yako. Hakuombi, anakuarifu. Nyuma yake mama mmoja ameshika kikapu na mtoto, na wote wawili wanakutazama wewe.

Karate ina jibu la moja kwa moja. Gichin Funakoshi, mtu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alisisitiza kwamba katika karate hakuna pigo la kuanza. Mtu hujifunza ngumi ili asiitumie kwanza. Ukilihamishia kwenye gari, pigo ni nini? Honi fupi ya kumzindua mtu asiyekuona si pigo, ni wajibu. Pigo ni ile honi ndefu inayopigwa baada ya hatari kupita, wakati tuktuk imeshaingia na hakuna kinachoweza kubadilika. Kumulika taa kwa hasira ni pigo. Kumkimbilia mbele kisha kumkanyagia breki ni pigo, na hilo la mwisho limepeleka watu hospitali na mahakamani.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haina tafsiri nyingi. Mtu mwenye mkono mwepesi anahitaji katazo, hahitaji falsafa. Akijiwekea kwamba honi baada ya tukio ni haramu kwake, wiki ya kwanza atateseka, baadaye atazoea.

Ila katazo linaacha swali: hasira ambayo haikutoka kwa honi inakwenda wapi? Karate imejengwa juu ya kukusanya nguvu ya mwili mzima na kuikaza kwenye ncha ya pigo. Mwalimu mzuri anakufundisha pia kulegea kabla na baada ya pigo, nakubali, lakini anayechukua katazo peke yake bila mazoezi yale mengine atajikuta amekaa kimya, meno yameumana, usukani ameukaba. Hajatukana mtu. Amejitesa tu.

Hapo ndipo judo inaposogea. Jigoro Kano, aliyeiasisi, alikuwa mdogo wa umbo, akionewa na wenzake shuleni. Mwaka 1882 alianza kufundisha ndani ya hekalu moja la Tokyo, katika chumba cha mikeka 12. Hoja yake ilikuwa nyepesi: anayekuzidi nguvu akikusukuma, usisukume. Mwachie njia, na nguvu zake mwenyewe zitampeleka. Wahenga wetu waliposema mwenye nguvu mpishe hawakuwa mbali na hapo, isipokuwa Kano alimwongeza hata asiye na nguvu. Tuktuk haikuzidi chochote. Lakini ikikugusa, bampa ni lako na safari ya gereji ni yako. Mwenzio atasema "samahani, mzee wangu", atafunga kioo chake kwa waya na kuendelea na kazi.

Judo inafundisha mikono kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Wachezaji wawili wanashikana, mkono mmoja kwenye ukosi wa jaketi la mwenzake na mwingine kwenye mkono wa nguo. Mgeni anakaza mikono mpaka vifundo vya vidole vinabadilika rangi, akidhani ndiyo ulinzi. Mwenyeji anamshika kwa vidole vya mwisho tu, viwiko vimeshuka, na kupitia mikono ile iliyokakamaa anasikia uzito wa mgeni uko mguu gani. Sekunde mbili baadaye mgeni yuko chini. Mkono uliolegea unasikia, uliokakamaa unapitwa. Kwenye usukani ni vivyo hivyo: ukiukaba, kila mshtuko wa bega unaingia kwenye tairi na kila kona inakuwa ya kukata. Kwa hiyo zoezi la mtu wa judo mjini ni la vidole. Tuktuk imeingia, toa mguu kwenye mafuta, legeza vidole vitatu vya kwanza vya kila mkono. Ukiweza kulegeza vidole, taya nalo linafuata.

Lakini lililonifanya niiweke judo mbele si mikono, ni kuanguka. Somo la kwanza si kumwangusha mtu, ni kuanguka wewe. Unaanguka kinyumenyume, ubavu, kichwa umekikunja kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, pumzi inatoka. Unaanguka jioni nzima. Ukianza kucheza na wenzako ndio unaanguka zaidi: unabwagwa na kijana wa darasa la nane, unabwagwa na msichana uliyemdhania mwepesi, unabwagwa na mzee mwenye mvi. Unainuka, unaweka jaketi sawa, unainamisha kichwa kwa heshima, mnashikana tena. Ikifika miezi kadhaa, kuanguka hakuna tena aibu ndani yake. Ni kitu kilichotokea.

Sasa mchukue mtu ambaye hajawahi kubwagwa tangu utotoni, mweke kwenye gari lake, mkewe pembeni, watoto nyuma, kisha matatu imwovateki.

"Baba, yule ametupita!"

"Mwache apite, mwanangu. Ana abiria wake."

Hilo ndilo jibu la mtu aliyezoea kuanguka. Asiyezoea anaona heshima yake imemwagika juu ya lami mbele ya familia, na lazima airudishe kabla ya tuta linalofuata. Ugomvi mwingi wa barabarani niliowahi kuushuhudia haukuanza na hatari. Ulianza na mtu kupitwa.

Kwa hiyo mjini, mbele ya tuktuk, bodaboda na mikokoteni, judo inaishinda karate kwa mbali. Karate inakuzuia kukosea, judo inakutolea kisa kizima.

Barabara kuu: aikido, na hesabu ya mita

Ukishatoka mjini kuelekea Kilifi, ukapita Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa mkono wako wa kulia, shida inabadilika sura. Hapa hakuna vidole vya kupepea. Kuna mwendo. Na hapa lazima niseme lile ninaloliamini kuliko yote: utulivu wa dereva unaanza na mita kabla ya kuanza na moyo. Anayekaa mita 10 nyuma ya lori kisha akajaribu kupumua polepole anajidanganya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha matatu tangu sheria za waziri John Michuki zilipoleta vidhibiti mwendo mwaka 2004, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtu huchukua kama sekunde moja, mara nyingi zaidi kidogo, kuiona hatari na kuhamisha mguu mpaka kwenye breki. Mita 22 zimekwisha na gari halijapunguza chochote. Mwili unaijua hesabu hii hata kama kichwa hakijawahi kuifanya. Ndiyo maana unapolikaribia mno gari la mbele mabega yanapanda, pumzi inakatika, na kosa dogo la mwenzio linakuudhi kupita kiasi. Sehemu kubwa ya tunachokiita hasira barabarani ni hofu iliyokosa nafasi.

Sanaa zote za Kijapani zina somo la nafasi, wanaiita maai: umbali ambao adui hawezi kukufikia bila kupiga hatua kwanza. Ukiutunza, kila shambulio linaonekana linapoanza. Karate inalifundisha vizuri, lakini aikido imelifanya roho ya mchezo. Morihei Ueshiba, aliyeiasisi na kufariki mwaka 1969, aliwafundisha watu kutoka kwenye mstari wa shambulio na kugeuka hadi wanatazama upande uleule anaotazama mshambuliaji. Humkabili, unakuwa kando yake.

Nafasi kwanza. Chagua mti au kibao mbele. Mkia wa gari la mbele ukikipita, anza kusoma Bismillahi Rahmani Rahim kwa utaratibu, bila kukimbiza. Ukikifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kisomo hicho ni kama sekunde mbili, yaani mita 44 kwa mwendo wa 80. Mvua ikinyesha, soma mara mbili.

Najua pingamizi, kila mtu analo: "Ukiacha nafasi, matatu inaingia." Naam, itaingia. Rudi nyuma tena, acha nafasi tena. Kila anayeingia anakugharimu kama sekunde mbili au tatu. Wakiingia kumi kabla ya Kilifi umepoteza nusu dakika. Na anayekimbia anapata nini? Malindi hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Kwa wastani wa 80 ni dakika 45, kwa wastani wa 90 ni dakika 40. Dakika 5 ndizo zote zinazogombaniwa, na hapo sijahesabu matuta ya senta za njiani, punda, na askari wa trafiki.

Sasa kugeuka. Kuna gari limekugandia nyuma, taa zake zimejaa kwenye kioo chako. Karate inakwambia usianze. Judo inakwambia usisukumane. Aikido inakupa la kufanya kwa mguu na mkono: taa ya kushoto, punguza kidogo, sogea ukingoni pakiwa salama, mpishe. Aliyekuwa nyuma ya mgongo wako sasa yuko mbele, unamwona, breki zake zinakuonyesha anachofikiria. Umebadilisha mahali pa hatari bila neno.

Ila nisiipambe. Matawi makubwa ya aikido hayana mashindano. Mara nyingi anayekushambulia mazoezini anajua mnachokifanya na anaanguka kwa adabu. Anayezoea hivyo anaweza kudhani kila nguvu inageuzika. Matatu inayoovateki lori na kukujia uso kwa uso haigeuziki: wewe 80, yeye 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Hapo hakuna ustadi wa kuonyesha. Kilichopo ni kwamba ulishapunguza mapema na ukingo wa kushoto ulishauangalia kabla. Mtu wa judo, aliyezoea mpinzani asiyekubali, haoti ndoto hizo.

Pamoja na hilo, kwa safari ndefu naipa aikido nafasi ya kwanza, na uzuri wake ni kwamba sehemu inayohitajika unaweza kuianza leo bila mwalimu wala jaketi.

Foleni na vizuizi: tai chi

Foleni ya Mtwapa saa kumi jioni haikutaki ugeuke wala uanguke. Inakutaka ukae. Hapa tai chi haina mshindani. Ni sanaa ya Wachina, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2020, na wengi wanaijua kwa wazee wanaojinyoosha polepole bustanini. Usidanganyike na mwendo wake. Mizizi yake ni ya kupambana. Kinachomfaa dereva ni mambo mawili: uzito unashushwa chini badala ya kukaa mabegani, na pumzi inatoka tumboni.

Vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Kutoa ndiko kunakofanya kazi, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka inauamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni, na mapigo ya moyo yanapungua. Usivute kwa fujo mpaka kichwa kizunguke, unaendesha gari. Mabega yaache yateremke yenyewe, mgongo uguse kiti. Karate nayo ina mafunzo ya pumzi, yapo hata ya kukaza mwili mzima huku unapumua kwa sauti, lakini kwa mtu ambaye ameshakaza kila kitu hiyo ni kuongeza kuni.

Pia inafaa kabla ya kushusha kioo kwenye kizuizi cha polisi. Afande anayesalimiwa na mtu aliyepumua anajibiwa vizuri, na naye hujibu vizuri mara nyingi.

Kasoro ya tai chi ni kwamba haina haraka kwa lolote. Matunda yake yanachelewa, na haikuambii ufanye nini ndani ya nusu sekunde.

Usiku, na baada ya tukio

Hapa karate inarudi na kulipa deni. Kuna kitu wanakiita zanshin, kubaki macho baada ya pigo. Kendo, mchezo wa upanga wa mianzi, wanakitilia mkazo zaidi: umempiga mwenzio sawasawa, lakini ukilegea au ukashangilia, waamuzi wanaweza kulifuta pigo lako. Tukio halijaisha mpaka akili yako imerudi mahali pake.

Dereva wetu anafanya kinyume. Mtu amemulikwa na taa kubwa ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, amenusurika, na kwa kilomita kadhaa zinazofuata haendeshi, anagombana kichwani. "Ningemfuata yule. Ningemwambia hivi." Wakati huo kuna ng'ombe ukingoni na baiskeli isiyo na taa. Hatari ya kwanza ilimkuta macho, ya pili inamkuta mahakamani, akiwa hakimu na mlalamikaji.

Kuhusu taa zenyewe, wanakarate hufundishwa kumtazama mpinzani mzima kana kwamba wanatazama mlima ulio mbali, wasikazie macho ngumi. Ukimulikwa, usizitazame taa. Peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami, punguza mwendo, na usimrudishie taa kubwa. Mkiwa vipofu wawili hakuna aliyeshinda.

Na kirumbizi je?

Watu wa Lamu wangenilaumu nisingekitaja. Lamu yenyewe, kisiwani, dereva ana punda wa kupisha zaidi ya magari, lakini wanaoshuka kwa barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi wanaongezeka, na wana chuo chao cha zamani. Kirumbizi, uwanjani kwenye harusi au siku za Maulidi, ni watu wawili wenye fimbo, zumari na ngoma, na duara la watazamaji. Mmoja anapiga, mwenzake anakinga, kisha wanampisha mwingine.

Somo lake kwa dereva liko kwenye lile duara. Watu wanakuchochea, wanapiga vigelegele, na wewe fimbo yako lazima ibaki ndani ya ngoma. Akili ikikutoka ukamfuata mwenzio kwa chuki, umeharibu mchezo na wazee watakutoa. Dereva wa matatu ana duara lake nyuma ya mgongo: "Kanyaga, dereva! Huyo mpite!" Makanga naye anagonga bodi. Tajiri anasubiri hesabu jioni. Judo na aikido hazimfundishi mtu kupambana mbele ya watu wanaomtia moto, kirumbizi kinafundisha. Hata hivyo hakuna darasa wala mtaala, na wako wanaokiingia kwa ajili ya kujionyesha tu. Kama umekulia ndani yake, kitumie. Kama hukukulia, tazama, ufurahi, uende kwingine.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama wewe ni kijana wa tuktuk au bodaboda, au una gari dogo na unazunguka mjini kutwa, na magoti yako mazima: judo, ikiwa mwalimu na mikeka vinapatikana karibu. Faida ya ziada kwa bodaboda ni kwamba anayejua kuanguka anajua kuanguka. Kofia ngumu bado vaa.

Ikiwa mkono wako ni mwepesi kweli, umeshapigana barabarani, mtaani unajulikana, usianze na judo wala aikido. Anza karate chini ya mwalimu mkali wa adabu, upate lile katazo kwanza. Karate pia inahitaji vichache: sakafu sawa, au mchanga wa ufukweni maji yakitoka.

Dereva wa safari za Mombasa, au wa malori ya kupanda Garsen, achukue nafasi na kugeuka kwa aikido, hata bila kujiandikisha popote. Shida ya aikido ni walimu, ambao ni adimu kuliko wa karate na taekwondo. (Taekwondo sikuipima kwa makusudi. Ni mchezo mzuri wa miguu na mashindano, upo kwenye Olimpiki tangu Sydney 2000, lakini kanuni zake kwa dereva hazina jipya ambalo karate haijalisema.)

Mzee mwenye presha, au mwenye mgongo mbovu, aende tai chi bila kufikiri mara mbili, na azungumze na daktari wake kuhusu dawa kabla ya kuzungumza na mtu yeyote kuhusu pumzi.

Kwa akina dada na akina mama kuna jambo ambalo walinganishaji wengi hulipita: judo na aikido ni za kushikana, na darasa likiwa la mchanganyiko huenda lisikukalie sawa. Karate unaweza kuifanya sehemu kubwa bila kugusana, tai chi kabisa. Au muulizeni mwalimu kama mkiwa watano sita atawapangia saa yenu. Mkiwa na idadi, mara nyingi hukubali.

Matatu sijui niwaambieni nini, ndugu zangu. Mwenye hesabu ya tajiri kichwani hatatulizwa na Mjapani yeyote mpaka hesabu yenyewe ipunguzwe. Lakini zile sekunde mbili za Bismillahi hazimpunguzii abiria hata mmoja.

Jambo la mwisho ni kumchagua mwalimu, kwa kuwa mwalimu mbaya wa sanaa nzuri atakurudisha barabarani ukiwa mbaya zaidi: mtu wa miezi mitatu ya mazoezi, kifua mbele, anayetafuta wa kumjaribia. Usilipe siku ya kwanza. Omba kukaa pembeni utazame darasa zima. Usiangalie wanaoshinda, angalia aliyeangushwa au aliyepigwa. Anasaidiwa kuinuka au anachekwa? Mwalimu akikosewa na mwanafunzi, sauti yake inabadilika? Kisha darasa likiisha toka naye nje, usimame karibu na pikipiki au gari lake, umtazame anavyoingia barabarani. Akitoka kwa kuchomeka na honi, rudi nyumbani na ada yako mfukoni.